Saa Sita na Saa Kumi na Mbili

Miguu ilirudi kwanza, kama wageni wenye haya:
kidole gumba, unyayo, goti.
Nyuma yao, bila kubisha hodi,
maumivu.

Wodi ya Mbale, kitanda cha tisa, kando ya dirisha.
Mvua ya alasiri ilikuwa imepita
na mawe ya Maragoli yalifuka mvuke
kama ng'ombe waliotoka mtoni.

Sista Mideva alikuja na kikopo cha plastiki:
viwili vyeupe, kimoja cha waridi.
Nikasema, bado sijaumwa sana.
Akasema, ndiyo maana.
Maumivu ni mwizi, Kageha. Humngoji avunje mlango
ndipo utafute komeo.
Vyeupe saa sita na saa kumi na mbili,
mchana na usiku, hata ukilala nitakuamsha.
Cha waridi baada ya uji, si kabla.

Na ile dawa ya nguvu?
Akaonyesha kwa kidevu: kabati la chuma, kufuli mbili,
na daftari lenye kalamu iliyofungwa kamba.
Ipo, akasema. Ila hatuanzii pale.

Sikumwambia habari za Asava.
Kaka yangu alivunjika mguu Chavakali,
pikipiki na lori la mchanga.
Mguu ukapona mwezi wa nne. Vidonge havikwisha.
Aliuza redio ya mama, kisha mabati mawili ya jiko,
akawa analala mchana macho wazi
kama taa iliyosahauliwa kuzimwa.
Kabati lile nililiogopa kuliko kisu.

Nikajifunza kukohoa upya:
unakumbatia mto tumboni, unabana,
unakohoa kidogo kidogo kama anayeomba radhi.
Kucheka, hapana.
Lakini Kavai wa kitanda cha kumi alisimulia
jinsi ambulensi ilivyoondoka na mumewe,
yeye na uchungu wake wakabaki langoni,
na wodi nzima ikakamata mito.

Lala ubavu. Shusha miguu. Sukuma kwa kiwiko.
Hatua saba hadi dirishani.
Kesho yake, ishirini hadi bombani.

Mama mkwe alileta uji wa wimbi,
akamnong'oneza jirani, nami nikasikia:
huyu hakuzaa, mtoto alipitia dirishani.
Nikamjibu kwa kusimama.

Usiku wa pili, saa nane.
Mtoto ananyonya, mji wa mimba unajikunja,
mshono unavuta kama uzi uliokwama kwenye cherehani.
Vya saa sita vimeshindwa.
Nikauma pindo la leso, kimya,
hadi tochi ikanimulika usoni.
Mbona huiti?
Basi nikamwambia. Redio, mabati, macho.

Hakunicheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda.
Asava alipewa mfuko, akaachwa nao peke yake, akasema.
Wewe utapewa dozi moja, ndogo,
na mimi siendi popote.
Akamwita mwenzake ashuhudie. Kufuli ya kwanza, ya pili.
Akaandika jina langu, saa, kipimo,
kisha akavuta kiti, akahesabu pumzi zangu,
kisha za mtoto,
kisha zangu tena.

Kulipopambazuka, viwili vyeupe, kimoja cha waridi.
Kabati halikufunguliwa tena kwa ajili yangu,
na sikuona fahari wala aibu. Sikulihitaji, basi.

Siku ya nne Asava alinipokea langoni,
shati limepigwa pasi upande mmoja,
mwavuli mkononi, na jua linawaka.
Akaitazama bahasha ya kaki, akatazama kando.
Walikupa nini?
Nikasema, walinipa saa.
Hakuuliza maana yake. Alimpokea mtoto,
mikono ikitetemeka kidogo, akamshika vizuri.
Sasa ni saa ngapi?
Tano na robo.
Basi twende, dada, akasema.
Sita isitukute njiani.