Ya Thelathini na Saba

Mkanda ni wa thelathini na sita;
hii ilijipenyeza mwishoni,
nusu imeungua kwa mwanga.

Tumezimwaga mezani kwa Shekue, Barabara ya Nane,
picha zimejikunja kama maganda ya machungwa ya Muheza.
Shekue kaipenda ile ya stesheni:
"Kivuli kimetulia hapa."
Mbwana anauliza lenzi, anauliza spidi,
anaipekua Zeniti yangu kama anaidai.

Hii hawaitaki.
"Ulifungua kamera mapema."

Kweli.
Mama alishasema, "Basi, mwanangu, zimetosha,"
nikamtii.

Arobaini yake ilikuwa juzi.
Uso umekwenda na mwanga,
mkono umebaki hewani:
ananiaga, ama ananikataza.

Mbwana anaichukua, anaigeuza juu chini.
"Mbona kama anaita?"