Alama za Jumamosi

Shemeji yangu Wenceslao ana daftari la bluu
lililolowa mafuta ya nguruwe wa kukaanga.
Kila Jumamosi, saa mbili usiku, hapa Puebla,
huchonga penseli kwa kisu changu cha nyanya,
huketi mbele ya televisheni kama hakimu aliyenyimwa chai.

Pambano la kwanza: tatu juu ya kumi.
"Wanarukaruka tu. Hakuna anayemchukia mwenzake."
La pili: mbili. Nusu nzima imemezwa na matangazo ya bia,
na mtangazaji anapiga kelele tangu kengele ya kwanza;
paa likianguka atasema kwa sauti gani?
Hapo nakubaliana naye. Hapo hata paka anakubali.
Taa za zambarau, moshi wa kununua,
kamera inayohama kila jicho linapotulia:
mtu ananyanyuliwa, tunaoneshwa mtoto anayekula mahindi,
mtu yuko chini tayari, nasi hatukumwona akifika.
Anguko ndilo tulilolilipia.
Wanatuuzia ganda, ndizi wamekula wao.

Mimi sina daftari. Nina cherehani.
Miaka ishirini na sita nashona barakoa za wanamieleka,
napima vichwa vyao kwa utepe,
na hukumu yangu naitoa kwa uzi:
nikiona mshono wa shavuni umekaza upande mmoja
najua huyo anasaga meno, maumivu si ya kuigiza;
nikiona kamba za kisogoni zimelegea mapema
najua mwenzake amevuta kwa pupa, hakufundishwa,
au alifundishwa na watu wa televisheni.

Pambano la tatu anaingia Nge wa Cholula.
Kichwa sentimita hamsini na tisa, kovu juu ya jicho la kushoto
tunalolijua mimi, mkewe na daktari.
Goti lake la kulia ni la kukopa.
Wamempa kijana, Askofu Mwekundu,
shingo kama gunia, viatu vipya.
Matundu ya macho nilimkatia makubwa:
woga wake nauona mpaka hapa jikoni.

Dakika ya tisa kijana anapanda kamba ya juu.
Nge amelala. Ukumbi unanyamaza.
Na kijana hashuki.
Pumzi moja. Pumzi moja na nusu.
Kule chini mkono wa Nge unajivuta, unapapasa turubai,
vidole viwili vinagonga, vinagonga:
njoo, mwanangu, niko tayari, goti nimelihamisha.

Ndipo akaruka.
Akashuka na kilo zake zote mia na tatu,
na lau Nge angekuwa amekumbatia yai, lisingevunjika.
Mbao zikalia, mtangazaji akapasuka,
bibi mmoja mstari wa mbele akavua kiatu kumlaani Askofu,
na Nge akajikunja kama karatasi motoni
hadi mimi, mimi ninayejua, nikaishika meza.

Wenceslao akaandika: "Kachelewa kuruka. Nne."

"Tisa," nikasema.
"Kwa lipi? Kila mtu kaona alivyosita!"
Sikumjibu. Ningemwambia nini?
Kwamba uongo ule ulikuwa na vidole viwili vya kweli,
na kamera, kwa bahati, ilisahau kuhama?
Akakunja uso, akafuta, akaandika tano,
akasema ni kwa heshima ya marehemu ndugu yake.

Jumatatu Nge alikuja akichechemea,
barakoa ndani ya mfuko wa mkate,
mshono wa kisogo umefumuka vidole vitatu.
"Ulikionaje kipindi?"
"Kibovu," nikamwambia. "Taa kama za danguro. Bia, bia, bia.
Na yule bwana wa kipaza sauti, mlete nimshone mdomo
kwa uzi namba arobaini."
Akacheka, akalishika goti.
"Na kijana?"
Nikalowesha uzi ulimini, nikalitafuta tundu la sindano.
"Naye mlete," nikasema,
"nimpunguzie matundu ya macho."