Siku ya Tatu, Capripoint

Lipa mara moja, ule mpaka ukome.
Mama kasimama mbele ya bufee,
sahani mkononi.
"Nani anapakua?"
Hakuna, mama. Jipakulie.

Siku ya kwanza alijaza woga:
wali, tambi juu ya wali,
tikitimaji juu ya tambi,
mchuzi ukavuka mipaka.
Usiku tumbo likamsema.

Siku ya pili,
yeye aliyekula mwisho miaka yote,
akikwangua ukoko baada yetu sita,
alitangulia foleni.
Akachukua mnofu wa sato, wa katikati, usio na mwiba.
Nikageukia ziwa, nikajifanya nahesabu mawe.

"Na vichwa je? Vichwa vya samaki vinakwenda wapi?"
Masalu mpishi akacheka,
akaleta kimoja toka jikoni, kimefunikwa kama siri.
Hapo ndipo mama akala kwa sauti.

Ila hakuna aliyemwambia, "Ongeza kidogo, hujala."
Hilo halimo kwenye bei.

Mgeni siku mbili.
Ya tatu, jembe halikuletwa,
akalitafuta mwenyewe:
akapanga sahani zetu, akafuta meza kwa kiganja,
akamuuliza Masalu
masufuria yanaoshewa wapi.