Bei ya Jogoo Wawili

Nimeinunua mnadani, kituoni Wete,
pamoja na ndoo ya bawaba na baiskeli isiyo tairi.
Bei yake jogoo wawili, na mmoja awe mkonde.
Pini imekatwa. Mdomo umezibwa kwa risasi,
risasi ya kuyeyushwa, si ile ya kuruka,
na ninayo barua yenye muhuri inayosema
kwamba kitu hiki si kitu tena.

Sasa imelala juu ya gazeti, mezani pangu,
baina ya cherehani ya Bi Zume na pasi ya Ngwali.
Mie fundi. Kikiletwa kilichochakaa
mkono unawasha.
Msasa ninao, wa mia nne na wa elfu.
Dawa ya buluu imebaki nusu chupa,
niliiagiza Mombasa kwa ajili ya mishale ya saa ya msikiti.
Kesho alasiri ingeweza kung'aa
kama mgongo wa jodari.

Lakini tazama ilivyolika.
Ubavu wa kushoto mweupe, ala ya ngozi imeulamba
hatua kwa hatua, Wete hadi Konde, Konde hadi Wete,
miaka ya mtu anayetembea.
Wa kulia bado mweusi.
Kitakoni ipo pete ya kamba, isipotee ikianguka,
na pale dole gumba linapokaa chuma kimebonyea
kama kizingiti cha nyumba yenye watoto wengi.
Nikipiga msasa, nitakuwa nimemfuta nani?

Shaame wa duka la pili kasema: "Itie rangi, yakhe,
mwenye hoteli atatoa laki mbili aitundike ukutani.
Kuukuu haiuziki ila iwe na hadithi,
na hadithi wewe huna."
Kweli. Sina.

Mama alikuja na chai. Akaiona.
Hakuliweka birika; alisimama nalo mkononi
mpaka mvuke ukakoma.
"Isugue, usiisugue, ni yako," kasema.
"Kwa aliyeonyeshwa mdomo wake
haijapata kuwa kuukuu."
Sikumuuliza nani. Kwetu
yapo maswali hupikwa, yasipakuliwe.

Usiku nikajaribu kidogo tu, chini ya kitako,
pahala pa ukubwa wa shilingi.
Msasa, siki, dawa, maji, mafuta.
Ikaja buluu, wallahi, buluu ya kuvuta jicho,
na chuma chote kilichobaki kikaona haya
kama mtu aliyevaa kiatu kipya mguu mmoja.
Nikasema basi, nimeshaanza, nimalize.
Nikafungua parafujo ya mpini, mbao zitoke.

Ndani, baina ya mbao na chuma, karatasi.
Imekunjwa udogo wa ukucha wa mtoto, imefungwa uzi.
Hirizi. Jasho la miaka limeunywa wino.
Nikaikunjua kwa kibano cha saa, pumzi nimeishika:
kahawia, kahawia, tundu, kahawia,
na pembeni lamu-alifu moja, imesimama
kama mtu aliyepishanisha mikono kifuani.
La.

Mwanzo wa maneno mangapi, hilo!
Huenda kaandikiwa risasi ya mwingine isimpate.
Huenda kaandikisha ya kwake isitoke.
Askari yule, nani atamjua sasa,
akitembea na maandishi kiganjani,
pengine akiogopa kuliko aliowatisha.
Na mie niliyeuliza habari ya rangi
nimejibiwa kwa neno lisilokuwa langu.

Karatasi nimeirudisha. Parafujo nimeikaza.
Mafuta ya cherehani, kitambaa, kutu isizidi,
hayo tu.
Shaame atacheka. Mama hajaiuliza tena.
Nikiipindua, ile shilingi ya buluu ipo chini,
inang'aa peke yake,
na kila nikiiona
mkono unawasha.