Swali la Kumi na Nne

Nilipewa kalamu mbili, fulana ya buluu na hojaji ya kurasa sita.
Nikaonywa: usitabasamu sana, wala usikunje uso,
mtu asije akasoma jibu machoni pako.
Ipatinga ilikuwa imeamka na vumbi la kiwanda cha chuma,
jeusi, laini, limejipaka madirishani kama wanja.

Nyumba ya kwanza, ngazi thelathini na moja.
Dona Eunícia, mshona mapazia, aliyebatizwa mtoni,
akanimiminia kahawa tamu ya kukwaruza koo.
Dini? Akataja kanisa, mchungaji, hata benchi analokalia.
Sala? Mara tano kwa siku, ya sita usingizi ukigoma.
Swali la kumi na nne:
je, hutazama tamthilia ya saa tatu usiku?
"Mimi? Uchafu ule? Mungu apishie mbali."
Televisheni ilikuwa kimya pembeni,
imejitanda kitambaa cheupe cha kufuma.
Nikaegemeza mkono juu yake ili niandike.
Ilikuwa ya moto.
"Jua," akasema upesi. "Jua la dirishani."
Dirisha lilikuwa limefungwa.
*Hapana*, nikaandika.
Kalamu haina ngozi.

Nyumba ya tisa, Seu Altamiro, fundi mstaafu wa reli.
"Andika hakuna Mungu. Andika kwa herufi kubwa."
Nikaandika kwa herufi za kawaida, ndiyo kanuni.
Lakini saa kumi na mbili ya jioni ilipogonga
aliinyamazisha mechi, timu yake, penalti ikisubiri,
akasimama kumpa mgongo mpigaji,
uso kwa uso na redio ya marehemu mkewe
iliyokuwa ikisali Salamu Maria.
"Yeye ndiye aliyezoea," akasema, akaketi.
Penalti ilikwishapigwa.
Hakuniuliza kama iliingia, nami sikumwambia.

Wendel, miaka kumi na tisa, aliyapanga maadili kwa kidole:
uaminifu wa kwanza, familia ya pili,
huku waya wa kisimbuzi ukiruka ukuta kutoka kwa jirani.

Na Padri Deusdete alicheka hata miwani ikamdondoka:
"Nisipotazama, Jumamosi nitayaelewaje maungamo?
Wanatubu walichokiona.
Walichokitenda wanakisahau."

Belo Horizonte, ofisini, namba zilichemshwa zikakauka.
Wanaotazama: thelathini na wawili kwa mia.
Wanaosema jirani yao hutazama: tisini na mmoja.
"Mji huu," akasema msimamizi, akigonga muhuri,
"una majirani wabaya kweli."

Mimi hakuna aliyeniuliza.
Misa niliiacha mwaka tulipomzika mama,
lakini nikipita mbele ya kanisa
kidole gumba hupanda chenyewe hadi kwenye paji,
nami hujifanya natengeneza nywele.
Sijui hilo lingehesabiwa wapi.

Alhamisi, saa tatu kasorobo, nikazipanda tena zile ngazi,
bila fulana, bila karatasi,
na mikate ya jibini kwenye mfuko, bado ina mvuke.
Dona Eunícia akaikagua mikono yangu.
"Umeleta maswali?"
"Moja tu. Aliyeitia sumu ile supu ni nani,
shemeji au mwanasheria?"

Akachungulia ngazini, juu, kisha chini.
Akafunga komeo.
Kile kitambaa akakikunja mara nne, akakipakata,
na sauti akaipunguza
mpaka waigizaji wakabaki na midomo ya samaki.
Tulikula bila kutazamana.

Matangazo yalipoingia, akapangusa makombo:
"Wakikutuma tena, jibu langu ni lile lile."
"Najua. Nitaliandika kwa mwandiko mzuri."

Akakaa kimya kidogo, akikichezea kitambaa ncha.
"Ni shemeji," akanong'ona.
"Tangu mwezi wa tatu namwombea aache."