Waliokosa

Ukumbi wa orofa ya tatu, Maribor, mwezi wa pili.
Bomba la joto linagonga ukutani kama mdai,
na Daktari Neža Hribernik, miwani juu ya nywele,
anawaonyesha watu arobaini na wawili
visanduku viwili vya rangi:
bluu waliopewa barua,
kijivu wasiopewa.

Tofauti, anasema, ni asilimia mbili nukta nne.
Anaitamka polepole, kama mtu anayemtaja mwanawe
mbele ya wageni.

Mimi ndiye miguu ya asilimia hiyo.
Jina langu liko ukurasa wa mwisho, herufi ndogo,
kati ya mfadhili na mpiga chapa: Tadej Ozvald, msaidizi.
Kompyuta ilipiga kura yake kabla ya wapiga kura:
nyumba hii ndiyo, ile siyo,
ile siyo, ile siyo, hii ndiyo.
Haikuuliza nani mjane, nani anafuga mbwa,
nani alihama akaacha jina lake mlangoni.
Nami nikapita na mkoba, Oktoba nzima, mvua ya mshazari,
nikisukuma bahasha nyeupe kwenye matundu ya shaba.
Uchaguzi ni Jumapili. Jirani zako watakwenda. Nawe je?

Mtu wa Graz anauliza habari za mvujo:
je, kama waliopata waliwasimulia waliokosa?
Swali zuri, anasema Daktari.
(Hapa kila swali ni zuri,
hata lile lililokuja na kisu.)
Tulilidhibiti hilo, anasema. Anabofya. Jedwali.
Nyota tatu pembeni ya namba,
na ukumbi unashusha pumzi kama waumini.

Mkono wangu uko chini ya meza.
Umeshika kijiko cha kahawa, umekishika barabara.

Kwa sababu namba kumi na saba, mtaa wa Lipova,
ilikuwa kijivu,
na Bibi Marjeta Zidanšek alikuwa ameegemea lango lake,
ndara za sufi, ndoo ya maganda ya matufaha,
akinitazama nikitoka kumi na tano,
nikimpita,
nikiingia kumi na tisa.
"Kwangu hakuna?"
Hakuna, mama.
"Yule wa kumi na tisa hata salamu haitikii, kapata.
Mimi nimekosa nini?"

Haya, mweleze mtu, kwenye mvua,
kwamba hakukosa, amekosa tu;
kwamba ameteuliwa asiteuliwe;
kwamba yeye ndiye jiwe la mizani,
na jiwe la mizani halipewi sukari.
Nilifungua kinywa. Kikaingia maji.
Nikampa bahasha ya akiba.

Aliisoma palepale, midomo ikicheza.
"Kijana, mimi nimepiga kura
tangu karatasi ilipokuwa na jibu moja."
Akaikunja mara nne, akaitia kifuani kama noti.

Wakati wa kahawa nikamwambia Daktari.
Alinitazama mpaka povu la kikombe chake likaisha.
"Nyumba moja?"
Moja.
"Kati ya elfu sita na mia mbili."
Ndiyo.
Nikamwona anakokotoa, macho juu darini,
kisha akaacha, akashusha miwani.
"Na alikwenda?"
Kwenye faili ana moja. Alikwenda.
"Basi ametupunja, bibi huyo," akasema,
akacheka peke yake, kidogo, kama anayekohoa.
"Weka tanbihi."

Sasa nimekaa kiti cha nyuma, kikao kingine kimeanza,
mtu wa Leiden ana visanduku vya rangi ya chungwa.
Bomba bado linadai.
Naandika: Nyumba moja ya kundi linganishi
ilipokea barua kwa makosa.
Nasoma. Nafuta neno la mwisho.
Nyumba moja ilipokea barua kwa
na hapo ndipo nilipo,
kimstari cha skrini kikiwaka, kikizima.