Huyu Si Edna

Miaka thelathini na mmoja nilipeleka barua
kwenye barabara za mashamba ya mahindi, Ohio,
mbwa wakinijua kwa harufu, theluji ikinijua kwa magoti.
Kila bahasha ilikuwa na mwenyewe.
Iliyomkosa, niliigonga muhuri mwekundu:
RUDI KWA ALIYEKUTUMA.

Sasa nimestaafu. Jumamosi za Mei
naamka kabla ya jogoo,
na jogoo ninaowafuata ni wa bati,
walioshushwa kutoka mapaa ya maghala
baada ya kuuonyesha upepo njia miaka themanini,
mikia imetobolewa na risasi za wavulana.
Ninao watatu. Hawawiki.
Mmoja bado anaelekea kaskazini, hata nimgeuze vipi.

Uwanja wa mnada ni tope na mbao za kukanyagia.
Meza ya Kratzer iko mwisho, karibu na choo.
Ana bata wa mti, wale wa kuwalaghai bata wenzao ziwani,
tumboni kamiminiwa risasi asipinduke.
Shavu moja nono, la pili limekonda:
labda kisu kiliteleza,
labda mchongaji aliitwa chakula kinapoa.
"Kamchonga nani?"
"Mtu," anasema Kratzer.
"Mtu huyo ni dola themanini."

Sina themanini. Nainama chini ya meza,
kwenye boksi la viatu, uso mmoja dola moja.

Hapa yupo mtoto aliyepakatwa na pazia,
na pazia lina mikono:
mama alijifunika gubigubi ili mwana atulie,
apigwe picha yeye peke yake.
Hapa yupo mwanamume na kuku wake, wote wawili wamevaa rasmi.
Hapa wasichana wawili; mmoja aligeuka kucheka,
akabaki ukungu juu ya kola.

Asiyekujua hakuthamini, walisema.
Mimi siwajui hata mmoja, na ninawafuta vumbi kila Jumapili.

Kisha yeye.
Mwanamke, kiti, mkono juu ya kitabu kilichofungwa.
Nikamgeuza. Nyuma, kwa penseli iliyokandamizwa hadi karatasi ikakunjamana:
*Huyu si Edna.*

Basi palikuwa na ugomvi.
Palikuwa na meza, kahawa ikapoa, shangazi wawili watatu,
mmoja akaapa ni Edna, mwingine akaleta hoja ya pua.
Mwenye pua akashinda, akadai penseli.
Wakamvua jina la mwenzake
wakaondoka bila kumvika lake.

Lakini katika nyuso zangu elfu mbili na mia nne
ni yeye tu ambaye nina hakika naye ya jambo moja.

"Huyo mwenye maandishi ni dola mbili," akasema Kratzer.
Nililipa.

Lavonne alizoea kuuliza, amesimama mlangoni na kikapu cha nguo,
"Harlan, wageni wako hawa watalala wapi?"
Mwezi wa Februari naye akagongwa muhuri ule ule mwekundu.

Picha yake ninayoipenda ni ya maonyesho ya kilimo:
mdomo umejaa keki, nywele zimeshikwa na upepo,
kiganja kinakuja kuziba kamera, kimechelewa.
Nyuma ni peupe.
Usiku wa leo nimekaa nayo, penseli nimeichonga.

Mkono wangu unajua kuandika majina.
Lavonne, mwaka, mji: yangetosha.
Lakini sina mtoto, na boksi langu najua liendako.
Atakayelishika atasoma jina, atasema ahaa,
atamrudisha kati ya wenzake
akidhani amemjua.

Nikaandika polepole, kwa herufi za tarishi,
zile asizokosea mtu hata kwenye mvua:
*Huyu naye si Edna.*

Na asimame hapo topeni, yeyote yule,
kahawa yake ipoe.